Kwa kuchonga, okoteni tawi bichi

Mhariri,

Wanaoanza kuchonga huambiwa waokote tawi kavu. Sikubaliani: kavu ni gumu, mkono husukuma kwa nguvu, kisu kikateleza. Afadhali tawi bichi lililoangushwa na upepo, lisilo na vifundo, unene wa sentimita 8 hivi. Ukucha ukiacha alama, linafaa.

Lipasue katikati kwa shoka, uondoe kiini chote. Mti ukikauka hunywea zaidi kufuata mduara kuliko kuelekea kiini, ndiyo maana tawi zima hupasuka. Ncha zipakwe nta siku hiyo hiyo, maji hutokea huko upesi. Kazi isiyokwisha ifungwe kwenye mfuko wa plastiki, ila ikikaa sana huota ukungu.

Mnyaa msiuguse, utomvu wake huunguza macho.

Msomaji wenu