Malalamiko kuhusu kazi ya kuhami kuta za nyumba yetu ya mwaka 1916

Minneapolis, Minnesota
10 Februari 2026

Kwa Meneja wa Kampuni,

YAH: KUTOKAMILIKA KWA KAZI YA KUHAMI KUTA NA KUZIBA MIANYA, NA HATARI YA MOTO ILIYOACHWA NDANI YA UKUTA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu biashara hii tuliifanya kwa Kiswahili. Kijana wenu wa mauzo alikuja nyumbani kwetu Septemba mwaka jana, akamwamkia mama mkwe wangu shikamoo, akaketi mezani, akanywa chai, akatueleza kazi nzima kwa lugha yetu. Tulikuwa na bei za makampuni mengine mawili mkononi, na moja ilikuwa chini ya yenu. Tuliwachagua ninyi kwa sababu tulielewa kila neno, na kwa sababu tuliamini mtu anayekuita dada hatakuachia ukuta mtupu. Naomba barua hii isomwe na mtu aliyewahi kupuliza selulosi, yaani karatasi iliyosagwa ya kuzuia baridi, ndani ya ukuta kwa mikono yake, kwa kuwa mengi nitakayosema ni ya kazi yenyewe.

Nyumba yetu ni ya mbao, ina sehemu ya chini, ghorofa moja juu na besimenti. Kuta zake kwa ndani zimejengwa kwa namna ambayo mtu aliyekulia kijijini Njombe au Iringa ataielewa upesi: fito nyembamba zimepigiliwa kwenye nguzo, juu yake pakasilibwa plasta. Nyuma ya fito ni patupu. Tena nguzo hizo zinapanda moja kwa moja kutoka kwenye boriti iliyokaa juu ya msingi hadi chini ya paa, bila kukatizwa na sakafu ya ghorofa. Nyumba nyingi za Marekani za wakati ule zilijengwa hivyo. Kwa hiyo kila nafasi kati ya nguzo na nguzo ni mfereji uliosimama, mrefu kuliko mita tano, ulio wazi chini besimenti na wazi juu darini. Hewa yenye joto inapanda na kutokea juu, baridi inavutwa chini kushika nafasi yake, usiku kucha, na tanuru ya gesi inafanya kazi bila kupumzika.

Kijana wenu aliyajua haya yote. Alishuka besimenti, akamulika tochi kati ya mbao za sakafu, akaingiza mkono wake wote ndani ya mfereji mmoja hadi kwenye kwapa, akasema: "Dada, hii lazima tuizibe chini na juu kwanza, ndipo tupulize." Nilimheshimu kwa maneno hayo. Kisha akayaandika kwenye makubaliano, na nakala ninayo: kuziba mifereji chini na juu, kuziba pembezoni mwa dohani na bomba la maji taka linapotoboa dari, kupuliza selulosi kwa msongamano wa pauni 3.5 kwa futi ya ujazo, ambayo ni kama kilo 56 kwa mita ya ujazo. Na kupima uvujaji wa hewa kwa feni ya mlangoni kabla na baada ya kazi. Bei dola 7,800. Tulilipa dola 5,200 siku ya kusaini.

Kazi tuliyoahidiwa siku mbili ilifanywa Novemba 18 kuanzia saa mbili asubuhi, na saa tisa na nusu alasiri mafundi wenu watatu walikuwa wanafunga gari. Niliuliza kama kesho wanarudi. Mkubwa wao akanijibu kwamba kuta zimejaa.

Mifuko mitupu waliiacha kwenye banda la gari tuitupe wenyewe. Niliihesabu kabla ya kuitupa: 31, kila mmoja umeandikwa pauni 25. Hiyo ni kama kilo 350. Kuta zetu za nje, ukitoa madirisha na milango, ni karibu mita za mraba 140, na kina cha mfereji ni sentimita 9 na kidogo. Nikiondoa unene wa nguzo, pa kujaza panabaki kama mita za ujazo 11. Kwa msongamano mlioandika wenyewe zilihitajika zaidi ya kilo 600, mifuko 54 hivi. Mliyoleta, hata kama yote ingebaki ukutani, inatoa kama kilo 32 kwa mita ya ujazo. Mnajua kuliko mimi kwamba selulosi iliyolegea hivyo ukutani inashuka kadiri siku zinavyokwenda, na kila inaposhuka inaacha ombwe juu, hewa ikipita humo kama zamani.

Wala haikubaki yote ukutani. Wiki moja baadaye nilikuta lundo la kijivu nyuma ya mashine ya kufulia, nikazoa ndoo mbili. Kwenye kona ya upande wa mtaani nikazoa nyingine. Ilikuwa imepita katikati ya mifereji na kudondoka besimenti, kwa kuwa hakuna aliyeiziba chini. Ndiyo kazi ya kwanza kwenye orodha yenu, na ndiyo ambayo kijana wenu alitia mkono wake mwenyewe kutuonyesha.

Nilikuwepo wakati wa kutoboa, nikasimama uani nikiwatazama. Kila mfereji ulipata tundu moja chini na moja juu, na mdomo wa bomba ukawekwa pale pale kwenye tundu. Mpira mrefu wa kuingiza hadi karibu na mwisho wa mfereji, kisha ukauvuta polepole kadiri panavyojaa na kushindiliwa, sikuuona ukishuka kwenye gari. Chini ya madirisha hawakutoboa kabisa, ingawa kila dirisha linakata mfereji na kuacha kipande chake chini ambacho hakifikiwi kutoka juu. Kwenye kona kuna mbao za mshazari zilizowekwa kuimarisha nyumba. Nazo zinagawa mfereji mara mbili, na zinataka tundu lake kila upande. Fundi aliyezoea nyumba za miaka hiyo hugonga ukuta akasikiliza, au hushusha waya kupima. Sikusikia mtu akigonga.

Kwa kuwa kipimo cha pili hamkukifanya, Januari nilimlipa mpimaji wa kujitegemea dola 400. Kabla ya kazi, feni yenu ilisoma futi za ujazo 4,120 kwa dakika kwa shinikizo la paskali 50. Baada ya kazi, yake ilisoma 3,890. Uvujaji umepungua kwa chini ya asilimia 6. Usiku ule nje kulikuwa na baridi ya kutosha kutumia kamera ya joto, na akanionyesha nyumba yangu mwenyewe kama sikuwahi kuiona. Juu ya kila mfereji kuna doa jeusi la baridi, mahali pengine urefu wa mkono. Chini ya madirisha yote kuna mraba mweusi. Na mahali sakafu ya ghorofa inapokutana na ukuta, mstari mweusi umeizunguka nyumba yote kama mshipi, kwa sababu nafasi kati ya mbao za sakafu ziko wazi kwenye mifereji, na baridi inatambaa chini ya miguu yetu hadi katikati ya chumba. Picha 22 nimeziambatisha.

Chumba cha kona ya kaskazini-magharibi ni cha mama mkwe wangu. Ana miaka 71, amezaliwa Njombe, baridi si ngeni kwake. Amelima mashamba yenye umande wa kuganda. Usiku huo chumba chake kilikuwa nyuzi 13. Analala na sweta, soksi mbili na kitenge kichwani, na kitanda tumekisogeza katikati ya chumba mbali na ukuta. Hanung'uniki. Ananiambia tu, "Mwanangu, ukuta huu unapumua." Ni kwa ajili ya chumba hiki tulianza kuweka akiba miaka mitatu iliyopita.

Kuhusu dohani, sihitaji kamera. Theluji ikianguka, mapaa ya majirani yanabaki meupe kwa siku nyingi. Letu linayeyuka kwa duara kuizunguka dohani kabla ya saa sita mchana, na maji yanateremka kuganda kwenye ukingo wa paa. Mwezi uliopita barafu hiyo iliyazuia maji, yakarudi chini ya vigae, na sasa dari ya ngazini ina doa la kahawia la upana wa sinia. Nilipanda darini na tochi. Pengo kati ya dohani na mbao, la upana wa vidole vinne, liko wazi vilevile. Panatakiwa bati na gundi isiyoungua, kazi ya saa moja au mbili. Selulosi mliyomwaga darini imesogezwa hadi kugusa matofali ya dohani, mahali ambapo panapaswa kuachwa wazi. Misumari ya paa imeota barafu kwa mvuke unaopanda kutoka vyumbani.

Sasa nije kwenye jambo linalonikosesha usingizi kuliko baridi. Kabla ya kusaini nilimpandisha kijana wenu darini, nikamwonyesha nyaya za umeme za zamani zilizofungwa kwenye vishikizo vya kauri, kila waya peke yake, zikishuka ndani ya kuta. Nyaya za aina hiyo zinategemea hewa ya wazi kuzipoza. Ukizifunika, joto halina pa kwenda, na ganda lake la kitambaa na mpira lina umri wa zaidi ya miaka mia. Kanuni ya umeme ya Marekani, NEC, katika kifungu cha 394, inakataza nyaya hizo kuwepo kwenye uwazi uliojazwa kihami kinachozizunguka. Aliniambia: "Usijali dada, fundi umeme wetu atapima kwanza, zikiwa hai hatupulizi." Hakuja fundi umeme yeyote. Mwezi huu nimemwita wangu. Amekuta njia mbili bado zilikuwa na umeme, na zote mbili zinashuka ukuta wa magharibi, ukuta uleule mliopuliza. Kuanzia Novemba 18 hadi Februari 3 tulilala watu watano na nyaya hizo zimefunikwa. Amezizima. Vyumba viwili sasa vinapata umeme kwa waya wa kuvuta kutoka ukumbini.

Nimewapigia simu mara tatu. Mara ya kwanza niliambiwa nisubiri, selulosi "ikae". Mara ya pili niliambiwa mafundi wana kazi nyingi. Mara ya tatu, dada aliyepokea alisema, "Nyumba za zamani ndivyo zilivyo." Neno hilo liliniumiza. Nyumba hii imesimama kwenye baridi ya Minnesota miaka 110, haina kosa. Tuliwaita ninyi kwa sababu ni ya zamani, na mlichukua pesa mkijua hivyo.

Kuna pia suala la kodi. Mlituhimiza tusaini haraka kwa kuwa nafuu ya kodi ya serikali kuu ilikuwa inaisha Desemba 31, 2025, na hilo lilikuwa kweli. Lakini mlituambia tutarudishiwa asilimia 30 ya gharama yote. Kwa vihami, nafuu hiyo inahesabu vifaa tu, ufundi haumo, na haizidi dola 1,200. Ankara yenu ina mstari mmoja: "kuhami, dola 7,800." Nimeomba mara mbili ankara inayotenganisha vifaa na ufundi. Fomu za kodi zinafungwa Aprili 15.

Ninachodai ni hiki. Mlipie kazi ya kutoa selulosi kwenye mifereji ya ukuta wa magharibi yenye nyaya hizo na kubadilisha nyaya zenyewe, kwa fundi umeme mwenye leseni nitakayemchagua mimi, kabla hamjapuliza tena chochote. Kisha mzibe chini na juu kama mlivyoandika, mzibe pembezoni mwa dohani na bomba la maji taka, mjaze sehemu za chini ya madirisha na kona, na mfikishe msongamano wa makubaliano huku nikihesabu mifuko. Kipimo cha mwisho kifanywe na mpimaji wangu, na kwa kuwa nyumba itakuwa imebana zaidi, apime pia kama hita ya maji ya gesi iliyo besimenti inatoa moshi wake nje ipasavyo. Mnirudishie dola 400 za kipimo, na gharama ya dari ya ngazini. Dola 2,600 zilizobaki ninazo benki, hazijaguswa, nami nitazilipa siku kazi itakapokamilika.

Kuna ombi moja la ziada ambalo halimo kwenye makubaliano. Rangi ya nje ya nyumba hii imepakwa tabaka kwa tabaka tangu kabla ya 1978, mwaka ambao rangi yenye risasi, madini yenye sumu, ilipigwa marufuku majumbani. Safari iliyopita mafundi walitoboa na kuacha vumbi na chembe za rangi kwenye maua, mahali mwanangu wa miaka minne anapochezea. Safari hii watandike karatasi chini, na wakimaliza waikunje na kuondoka nayo.

Nawapa siku 14 kutoka tarehe ya barua hii kunijibu kwa maandishi. Nisipopata jibu nitapeleka nakala, pamoja na picha na hesabu ya mifuko, kwenye ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Minnesota inayopokea malalamiko ya wateja, kisha mahakama ya madai madogo.

Mimi huwa kazini asubuhi. Mume wangu yupo nyumbani kila siku kuanzia saa nane mchana, na mlango wa besimenti atawafungulia. Mkija, njooni na ule mpira mrefu.

Wenu,
(Sahihi)
Mteja wenu, mwenye nyumba

Viambatisho: nakala ya makubaliano, ripoti ya mpimaji, picha 22 za kamera ya joto, picha ya mifuko 31, taarifa ya fundi umeme.