Redio ya gari: usifuate rangi za waya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika katika ukurasa huu wiki iliyopita kwamba mwenye gari anayegusa waya za gari lake anatafuta moto, na kwamba redio ikinyamaza dawa ni kwa fundi tu. Moto upo, sibishi. Lakini redio yangu mimi aliiua fundi, na nimekuja kufunga nyingine kwa mikono yangu kwa shilingi 71,500, nikiwa na miaka 67 na miwani ya kusomea imening'inia puani.

Gari langu ni Toyota Carina Ti ya mwaka 1999. Nililinunua kwa kiinua mgongo, likitokea Japani, limeshatumika huko. Asubuhi linabeba machungwa kutoka shambani Muheza, jioni linabeba wajukuu. Redio yake ilikuwa ya kaseti, na ndani yake kuna kaseti ya taarabu iliyokwama miaka mingi sasa, haiingii wala haitoki. Hatukujali. Tulikuwa tunasikiliza FM.

Hapo penyewe kuna jambo ambalo wauza magari hawalisemi. Redio za magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya Japani, FM yake inaanzia 76 na kuishia 90. Za miaka ya karibuni zinafika 95. Sisi huku stesheni zetu zimetawanyika mpaka 108. Ndiyo maana mtu anatoa gari bandarini, anawasha redio, anapata stesheni mbili tatu halafu anasema redio mbovu. Si mbovu. Inahitaji kidude kidogo kinachochomekwa kati ya waya wa eriali na redio, kazi yake kuyashusha mawimbi. Changu kilikuwa kinashusha kwa 15, yaani stesheni ya 100 naikuta kwenye 85. Mke wangu alikwishazoea hesabu hiyo kuliko mimi.

Basi, siku ya Simba na Yanga, niko njiani narudi kutoka Tanga mjini, mpira haujafika hata mapumziko, redio ikanyamaza. Kioo cheusi. Nikapiga dashibodi kwa kiganja kama tunavyofanya wote. Hakuna kitu. Nikafika nyumbani nikakuta na chaja ya simu, ile ya kuchomeka kwenye tundu la sigara, nayo haichaji. Nikasema chaja za siku hizi ndivyo zilivyo, nikaitupa. Naomba msomaji aikumbuke hiyo chaja.

Kesho yake nikaenda kwa fundi. Jina na mahali nayaacha. Kijana mwenye adabu, "Shikamoo mwalimu," akanipa benchi na soda. Akachungulia akasema, "Mzee, hii imekufa. Tuweke ya kisasa ya bluetooth, redio na ufundi laki moja na nusu." Nikakubali. Alitoa redio ya zamani, kisha badala ya kuchomoa soketi zake mbili nyuma, akazikata waya kwa plaizi, soketi zikabaki zimeng'ang'ania kwenye redio. Akaitia yote kwenye mfuko wa plastiki akanipa. Nashukuru Mungu alinipa ule mfuko.

Halafu akaanza kuunga. Njano kwa njano, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Mimi niko na soda yangu, naona kazi inakwenda, rangi zinafanana, hata mtoto wa darasa la pili angempa vema. Redio haikuwaka. Akachukua testa ya balbu, akatafuta waya wenye moto, yaani umeme, akapata mmoja, akafunga humo nyekundu na njano kwa pamoja. Ikawaka. Spika zikawa zinakoroma, akakusanya waya zote za hasi za spika akazikaza kwenye bodi ya gari. Zikaacha kukoroma, ikabaki sauti nyembamba. "Tayari, mzee."

Siku ya tatu asubuhi gari halikuwaka, tik tik tik. Tukasukuma. Siku ya sita vilevile. Siku ya tisa redio ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua na kufa kabisa. Niliporudi kwa yule kijana aliniambia redio za Mchina hazidumu, na kwamba betri yangu imezeeka. Kuhusu betri hakusema uongo. Pesa haikurudi.

Sasa Mhariri, nimefundisha sayansi shule ya msingi miaka 31. Betri, balbu, swichi. Nimechora sakiti ubaoni mpaka chaki imeniingia kifuani. Nikaona aibu kwamba nilikaa kwenye benchi nikiangalia rangi. Nikaumwaga ule mfuko juu ya meza ya kulia chakula na kuanza kusoma.

Nilichokikuta ni hiki. Redio karibu zote zinazouzwa madukani zinafuata rangi za aina moja: njano ni moto wa wakati wote, unaotunza kumbukumbu ya stesheni, nyekundu ni moto unaokuja ukizungusha ufunguo, nyeusi ni ardhi, yaani bodi ya gari. Toyota ana lugha yake. Kwenye ile soketi kubwa ya matundu kumi, moto wa wakati wote ni waya wa bluu wenye mstari wa njano. Moto wa ufunguo ni kijivu. Ardhi ni kahawia. Halafu kwenye soketi ndogo ya matundu sita unakutana na nyekundu, nyeupe, nyeusi na njano, unafurahi kwamba umewapata jamaa zako. Hao si jamaa zako. Hao ni spika za nyuma! Nyekundu na nyeupe ni spika ya kulia, nyeusi na njano ni ya kushoto. Kijana wa watu alikuwa anatafuta umeme kwenye spika.

Na bado ana bahati hakuunga kijivu kwa kijivu. Kwenye redio ya dukani kijivu ni spika ya mbele kulia. Kwenye Toyota kijivu ni volti 12 ukishazungusha ufunguo. Ukiziunganisha hizo mbili unaisukumia redio umeme kwenye mdomo wake wa kutolea sauti. Unaweza kuiua hata kabla hujasikia stesheni moja.

Zile hasi za spika nazo zilinieleza kifo cha redio yangu. Kuna magari ya zamani spika zake zilitumia bodi kama waya mmoja, na mafundi wengi walijifunzia huko. Redio za sasa kila spika inataka waya zake mbili, zisiguse bodi hata kidogo. Ukizigusisha, kile kipande cha ndani kinachokuza sauti kinachemka mpaka kinaungua. Mimi nilipewa siku tisa.

Na betri? Redio ikiwa na nyekundu na njano kwenye moto wa wakati wote, haijui kama umechomoa ufunguo. Unabonyeza kuzima, kioo kinazima, ndani inakesha. Betri changa inaweza kuvumilia. Yangu haikuweza.

Lakini kwa nini fundi hakuupata moto wa ufunguo? Swali hilo lilinikosesha usingizi, mpaka nikaikumbuka chaja. Asubuhi nikainama chini ya usukani, nikafungua kile kifuniko cha fyuzi, vile vidude vinavyokatika umeme ukizidi, nikaichomoa ya ampea 15 iliyoandikwa CIG, yaani sigara, nikaiinua juani. Kile kiwaya cha ndani kilikuwa kimekatika katikati, na kidoa cheusi kwenye plastiki. Kwenye Toyota nyingi tundu la sigara na redio wanakula sahani moja, fyuzi ile ile. Chaja mbovu ilipiga shoti, fyuzi ikajitoa mhanga, redio ikanyamaza. Fyuzi mpya, shilingi 500.

Laki na nusu yangu ilikwenda kwa sababu hakuna aliyeinama kutazama kitu cha shilingi 500, na wa kwanza kutoinama ni mimi.

Nilimpigia mpwa wangu Dar es Salaam akaenda eneo la Gerezani, kwenye maduka ya vipuri, akaninunulia redio ya USB ya 45,000 na soketi za Toyota za kuchomekea, jozi 8,000, na fremu yenye droo 5,000, maana tundu la Toyota lina upana wa sentimita 20 na redio za kawaida zina 18, na kimo chake nusu tu ya tundu. Akaniwekea kwenye basi, 2,000. Mita ya kupimia umeme 10,000 na tepu nyeusi 1,000 nilinunua hapa hapa. Jumlisha na fyuzi.

Kazi ilinichukua Jumamosi nzima. Fundi angeimaliza kwa saa moja, lakini Jumamosi yangu hailipwi. Kwanza nikapima kabla ya kuunga chochote: sindano nyeusi ya mita kwenye nati iliyo wazi ya bodi, nyekundu naigusisha kwenye waya mmoja mmoja. Ufunguo nje, bluu-njano inasoma 12.3, kijivu sifuri. Nikazungusha ufunguo klik moja, kijivu ikapanda 12. Hapo nikajua sina haja ya kubahatisha.

Spika nilizitambua kwa betri ndogo ya tochi, ya volti moja na nusu. Unagusisha waya mbili kwenye ncha za betri kwa nukta moja tu na spika inajibu pwa! Nilimweka mjukuu wangu kiti cha nyuma, sikio mlangoni. "Babu, huku kwangu!" Nikaandika kwenye karatasi. "Babu, mbele, upande wa bibi!" Nikaandika. Alitaka turudie zote.

Baada ya hapo nikatoa kichwa cha hasi cha betri, spana namba 10, nikakisogeza mbali na kukifunga kitambaa. Anayetaka kuruka hatua hii amsikilize yule msomaji wa wiki iliyopita, hapo yuko sahihi kabisa. Na gari likiwa na mifuko ya hewa, ukikuta ndani ya dashibodi soketi ya njano nzima na waya zake, usiiguse, hiyo ni ya mifuko. Njano tena! Fremu ya dashibodi nilikuwa nimeitoa mapema, kabla ya kupima, kwa mpini wa mwiko niliouzungushia kitambaa, kwa sababu bisibisi inaacha makovu. Mke wangu aliutafuta ule mwiko mchana kutwa.

Zile soketi zilizokatwa nilizirudisha kwenye waya za gari, na hapa rangi kwa rangi ni halali kwa sababu ni waya ule ule uliokatwa. Soketi mpya za Gerezani nikaziunga kwenye redio kwa kufuata kazi ya kila waya. Ungio moja moja, unasokota, unafunga tepu, unavuta kuona kama imeshika.

Nikawasha. Spika zote nne zikaitika. Stesheni mbili tu! Nilikaa pale nimeishiwa nguvu, nadhani nimeua redio ya pili. Mjukuu ndiye aliyeuliza kile kidude cheusi kwenye waya wa eriali ni cha nini. Kile cha kushusha mawimbi. Redio mpya inafika 108 yenyewe, nami nilikuwa bado nazishusha stesheni zote kwa 15, nyingi zikawa zimeanguka chini ya mlango wake. Nikakichomoa, redio ikajaa.

Ombi langu, Mhariri, ni kwa wauza redio: karatasi iliyo ndani ya boksi ni ya Kichina na Kiingereza, herufi kama mayai ya chawa. Wekeni ukurasa mmoja wa Kiswahili, waya gani ni wa nini. Na wauza magari ya Japani wamwambie mteja kuhusu hiyo 90 kabla hajatangaza redio mbovu. Kwa mafundi sina ombi kubwa, wachomoe soketi tu, wasizikate.

Redio ya zamani, ile iliyotangazwa imekufa, nimeifunga jikoni kwenye betri ya sola ya volti 12, pale palipokuwa na bluu-njano na kijivu nimepaunga pamoja kwenye chanya, maana humo hakuna ufunguo. Imewaka mara moja. Kaseti bado imekwama. Mke wangu analalamika kwamba anapata zile stesheni za chini tu, na kidude cha mawimbi kimelala ndani ya droo ya gari. Nimemwahidi Jumamosi.

Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga.