Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati yenu ya utendaji ilielekeza nguvu zake nyingi kwenye tatizo la kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, ingawa baadhi yenu mlitaka matatizo yote ya afya ya wanawake katika nchi zinazoendelea yapewe uzito sawa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 walifariki kutokana na ujauzito na uzazi, zaidi ya asilimia 90 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Miongoni mwa visababishi vya vifo hivyo, kutokwa na damu kunaongoza, ilhali tiba yake inajulikana na si ya gharama kubwa.

Kasoro kubwa iko katika kuchelewa kutambua. Damu inayolowa kwenye mashuka hukadiriwa kwa macho, na macho hukadiria pungufu, hasa ya mkunga mmoja anayehudumia wajawazito kadhaa kwa wakati mmoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliofanyika katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulitumia shuka la plastiki lenye mfuko wa kukinga damu uliochorwa alama za vipimo. Damu ikifika mililita 500, mama hukandwa mfuko wa uzazi, hupewa oksitosini (dawa ya kukaza mfuko wa uzazi), asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu kuganda) na dripu, na huchunguzwa damu inakotoka, yote kwa mkupuo, pasipo kujaribu tiba moja na kuisubiri. Kutokwa na damu kwa kiwango cha hatari kulipungua kwa asilimia 60, matokeo ambayo kwa maoni yangu yanatosha kuutetea uamuzi wa kamati.

Plastiki peke yake, hata hivyo, haiokoi mtu. Oksitosini huhitaji kuhifadhiwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, na jokofu lisilo na umeme wa uhakika huiharibu dawa bila mtu kujua. Vilevile mama aliyeingia leba akiwa na upungufu wa damu huzidiwa haraka, hivyo vidonge vya madini ya chuma kliniki ni sehemu ya kazi hii hii.

Saratani ya mlango wa kizazi, iliyoua wanawake wapatao 350,000 duniani mwaka 2022, hatukuigusa ipasavyo. Kwa kuwa tangu mwaka huo dozi moja ya chanjo ya kuikinga imekubaliwa kutosha kwa wasichana, kamati inauomba mkutano uidhinishe chanjo na uchunguzi wa saratani hiyo viwe kipaumbele cha pili katika bajeti ya mwaka ujao.