Ijumaa: Plato na washairi aliowafukuza

Habarini wapendwa. Wiki hii tunasoma Jamhuri ya Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale: sehemu yake ya mwisho tu, yaani kitabu cha 10, pale anapowafukuza washairi kwenye mji bora anaoubuni. Mwenye nafasi arudi pia kitabu cha 4, pale anapoigawa roho sehemu tatu: akili, hamasa na tamaa. Bila hapo, ukali wake kwa washairi utaonekana kama chuki binafsi.

Anasema msanii huiga. Seremala hutengeneza kitanda akifuata umbo la kweli la kitanda, yaani kile kitanda kamili kinachofahamika kwa akili tu. Mchoraji humuiga seremala, tena kwa upande mmoja tu. Sawa, hilo tutalibishia. Linalonisumbua ni lile la machozi: mtu anayejikaza akifiwa, akikaa kutazama tamthilia hulia kwa msiba wa mhusika, na anaona raha! Plato anasema hapo tunailisha sehemu ya roho ambayo akili inapaswa kuitawala, na kesho itatushinda kwenye misiba yetu wenyewe. Simuungi mkono kuwafukuza washairi, ila hapa amenibana.

Aristotle, mwanafunzi wake, aliona kinyume: tamthilia ya majonzi huamsha huruma na hofu, kisha huzitakasa. Namna gani? Katika maandishi yaliyobaki hakufafanua, na wasomi wanavutana hadi leo.

Tukutane hapa Ijumaa saa 2 usiku. Kila mmoja aje na kazi moja ya sanaa iliyomliza, aseme ilimjenga au ilimlegeza. Ujumbe wa sauti usizidi dakika 2, na mihtasari ya kunakili mtandaoni nitaifuta.