Mwanangu uliyeko Hamburg, waambie unachotaka

Mwanangu mpenzi,

Marahaba mama. Huku hatujambo, baba yako mzima, mdogo wako kamaliza mtihani wa kidato cha pili saivi kazi yake kulala tu, na mvua za vuli zinanyesha kwahiyo njia yetu ya Tabata ndo kama unavoijua, matope mpaka mlangoni. Ile sauti ulonitumia ya mambo ya hiyo familia ya Kijerumani unayokaa nayo huko Hamburg na hayo mazoezi yako ya kufundisha, TP, nimeisikiliza nikairudia, nikampa na baba yako, ulikuwa unacheka humo lakini mi nakujua mtoto wangu, ukicheka hivo kuna kitu. Nimeona bora nikuandikie, maana tukipiga simu mtandao unakata af tunaishia unanisikia, unanisikia, na bando linaisha hatujaongea la maana.

Nianze na chakula. Unasema jioni wanakaa mezani, mkate mweusi ule mzito, jibini, matango, na zile nyama za baridi zilokatwa nyembamba, chakula cha moto walishakula mchana. Unaulizwa nikuongeze unasema hapana asante nimeshiba, vyombo vinatolewa, we unapanda chumbani na njaa yako unakula biskuti. Mama, hapo hakuna aliyekunyima. Hapa kwetu mgeni akisema nimeshiba nani anamsikiliza? Tunamwambia aah we hujala kitu bana ongeza, tunampakulia, anakataa tunampakulia tena, mpaka tuone sahani anaisukuma kabisa ndo tunaamini. Na we umelelewa humo, unakataa kwanza usionekane mlafi, unasubiri ulazimishwe. Wenzako kule neno lako wanalichukua kama ulivolitoa. Umesema hapana basi ni hapana, wakikulazimisha baada ya hapo wanaona wao ndo wamekukosea adabu. Kwahiyo huyo mama mwenyeji wako analala anajua mgeni wangu kashiba, na we huko juu tumbo linanguruma, na nyote mna heshima zenu na nyote mnaumia bure, maana nakwambia siku akijua ulikuwa unalala na njaa kwenye nyumba yake atasononeka sana.

Mwambie. Nina njaa, naomba mkate mwingine, naomba nipashe chakula cha mchana. Sema hivohivo kwa hicho Kijerumani ulichosoma pale Goethe Upanga, si lazima kinyooke.

Na la nguruwe ndo limenikosesha raha kabisa. Yaani muda wote huo ulokaa hapo unazikwepa zile nyama kimyakimya, unakula mkate na jibini, kisa unaona aibu kuwaambia? Unasema kwenye fomu ya chuo uliandika dini. Kuandika Muislamu kwenye fomu haimaanishi mtu amejua unakula nini, huenda hawajawahi kuishi na Muislamu nyumba moja, au waliishi na mmoja ambaye hakujali akala kila kitu. Kaa nao uwaambie moja kwa moja, nguruwe sili, hata soseji zilizochanganywa sili, kuku na ng'ombe nakula ila mpaka awe amechinjwa kwa taratibu yetu, samaki nakula wote. Af na zile pipi laini za kutafuna ambazo hao watoto wanakupa kila siku, nyingi zina jelatini na jelatini yenyewe kule mara nyingi ni ya nguruwe, angalia pakiti kabla hujatia mdomoni. Mtoto wa jirani yetu yule aliyewahi kukaa huko anasema karibu na stesheni kuu kuna mtaa unaitwa Steindamm, una maduka ya Waturuki na Waarabu na mabucha ya halali, mwambie mama mwenyeji mwende wote Jumamosi. Jumamosi mama, Jumapili maduka yamefungwa, usije ukakaa Jumapili nzima huna kitu.

Af omba jiko. Usisubiri uambiwe leo upike wewe, hawatasema, wataona wanakupa kazi. Sema Ijumaa naomba niwapikie. Viungo vya pilau nilikufungia vile kwenye mfuko wa zambarau, mchele upo kila mahali. Dagaa ntakutumia, kuna mtu anakuja huko karibuni, nimeulizia nikaambiwa samaki wakavu wa kula mwenyewe wanaruhusiwa kuingia Ulaya, mpaka kilo 20, ila nyama na maziwa ndo wanazuia kwahiyo usiniagize nyama kavu wala samli maana vitaishia kutupwa uwanja wa ndege. Na siku ya kukaanga hao dagaa waambie mapema harufu yake ikoje, mfungue madirisha, umalize.

Na ndo nimekumbuka hayo madirisha. Umelalamika asubuhi yule baba mwenyeji wako anapita kufungua madirisha yote wazi na baridi yote hiyo. Hakufanyii ubaya. Nyumba zao zimezibwa kila upande joto lisitoke, sasa mvuke wa kuoga, wa kupika, hata pumzi zenu mkilala, vyote vinabaki humo humo, ukuta unaota ukungu. Wanafungua dakika chache hewa ibadilike wanafunga. Na chumbani kwako fanya hivo, zima hita kwanza, fungua, funga, na ukiona hujui kitu uliza. Si uliniambia uliogopa kuuliza takataka zinatupwaje ukawa unazirundika chini ya kitanda? Hapana jamani. Pipa la bluu la karatasi, kijani la maganda na mabaki ya chakula, la njano vifungashio, jeusi ndo yaliyobaki, na zile chupa za maji za plastiki ni senti 25 kila moja ukirudisha dukani, hela hiyo usiitupe. Muulize yule mtoto mkubwa akufundishe, watoto wanapenda sana kumfundisha mtu mzima, we mwalimu unalijua hilo.

Halafu mlango. Unasema ukitoka shule unaingia chumbani unafunga mlango unasoma, na hakuna hata mmoja anayekuja kukugongea, unahisi hawakupendi. Hapa Tabata mtoto akijifungia mchana lazima nije, kuna nini, unaumwa, umegombana na nani, fungua. Kule mlango ukifungwa maana yake mtu anataka atulie, kumgongea ni kumsumbua, wanakuacha kwasababu wanakuheshimu. Kwahiyo kama unataka watu shuka chini. Chukua hayo maandalio yako ya somo kayafanyie jikoni. Menya viazi. Na saivi mwezi wa kumi na mbili huko jua linachomoza saa mbili na nusu asubuhi na saa kumi jioni hivi linazama, ukijifungia humo gizani peke yako utaumwa roho, mi naogopa hilo kuliko baridi. Naona unavoandika meseji saa nne za usiku wa huku, kwenu saa mbili, unaniandikia mimi wakati chini kuna watu wamekaa sebuleni.

Sasa shule, na hapa naongea kama mwalimu mwenzio. Unasema mwalimu mlezi wako wa hiyo TP kila Ijumaa anakuuliza umeonaje wiki hii, we unamjibu vizuri, asante. Na wiki nyingine vizuri, asante. Yule hakusalimii mwanangu, anakuuliza kweli! Anataka umwambie kwenye somo la hesabu watoto wa nyuma hawakuelewa, au kwanini ulifanya hivi usifanye vile, na mi Jumatatu naomba nifundishe kipande hiki mwenyewe. Kwetu mwanachuo wa field akimwambia mwalimu mkongwe maneno hayo ofisi nzima itamsema, ana dharau, kaja juzi. Kule anayekaa kimya ndo wanaona hajajiandaa.

Si umeniambia mwenyewe kwamba watoto wa kule wanapata maksi za kunyoosha mkono na kuongea darasani? Kwamba mtoto anaweza kuandika vizuri kwenye mtihani na bado maksi zake zikashuka sababu haongei? Mi hilo limenikaa kichwani sana. Nimefundisha miaka yote hii madarasa ya watoto wanaobanana wanne dawati moja na wengine chini, neno ninalolisema kuliko yote ni kimya, nyamazeni, maana nisiposema hivo hakuna atakayesikia kitu. Na fimbo, kanuni zetu bado zinaruhusu fimbo nne kwa kibali cha mwalimu mkuu, wakati huko tangu mwaka 2000 sheria inasema hata mzazi nyumbani haruhusiwi kumpiga mtoto. Kwahiyo usishangae hao wa darasa la tatu wakikubishia, wakikuuliza kwanini, wakikwambia hapa ubaoni umekosea. Wanafanya walichofundishwa. Wajibu. Na usishtuke ukiona daftari la mtoto lina 1 kubwa ukadhani kafeli, kwao 1 ndo ya juu na 6 ndo ya chini kabisa.

Ila kuwajibu sio kukubali kila kitu. Hilo la watoto kukuingiza mikono kwenye nywele, waambie nywele zangu haziguswi bila kuomba, waambie kwa upole lakini waambie, na mwalimu mlezi ajue. Na yule bibi wa hiyo familia akiuliza tena kama Afrika mna nyumba za namna gani, mtolee simu umuoneshe Kariakoo, muoneshe mwendokasi, muoneshe bandari yetu, mwambie Dar es Salaam na Hamburg ni miji dada tangu 2010 na yote ni miji ya bandari. Anauliza kwasababu hajui, na we si umeenda kufundisha?

Kuna mtu nataka umsome ukipata nafasi, Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pwani yetu hii, wa Dunda huko Bagamoyo. Mwaka 1900 alienda Berlin kufundisha Kiswahili, wanafunzi wake ni Wajerumani waliokuwa wanajiandaa kuja kututawala. Fikiria hilo darasa. Wengine hawakutaka kumheshimu mwalimu mweusi, naye hakunyamaza akalalamika, kufika 1905 kazi ikawa imeisha. Alikuwa kaoa mwanamke wa Kijerumani, akapanda naye meli kurudi nyumbani, serikali ya kikoloni ikawazuia kushuka, wakarudi Ujerumani. Na kuanzia 1909 alikuwa hapo hapo Hamburg ulipo we, akifundisha lugha yetu kwenye taasisi yao ya kikoloni. Akafia Berlin 1927, hakuiona tena Bagamoyo. Mi nikimuwaza nasikia uchungu sana, maana alisema na hakukuwa na mtu wa kumsikiliza. We una mwalimu mlezi anayekuuliza kila Ijumaa, una chuo nyuma yako, una familia imekufungulia nyumba kwa hiari yao, na Kiswahili mpaka leo kinafundishwa chuo kikuu cha huo mji. Unakuwaje na watu wanaokuuliza af unawajibu vizuri, asante?

Baba yako anasema nisikukazie sana, kasema mtoto yuko mbali mwambie tu tunampenda. Tunakupenda mama, hilo unalijua. Lakini mi nakukazia kwasababu kupika nilikufundisha, na kuswali, na kuheshimu watu, ila kule ulipo heshima ina kitu kingine juu yake, kumwambia mtu ukweli wako ili asikosee juu yako. Sio kwamba uache adabu yako. Salamu zako, kuvua viatu mlangoni (nimefurahi kumbe na wao wanavua), kuamka kusaidia vyombo, shika hivohivo. Ongeza na hilo la kusema.

Na lile la chooni ulilosema hakuna maji, mwanangu, nunua kopo au chupa yenye mdomo uweke chumbani kwako, hilo halina haja ya kikao. Udhu fanya kwa utaratibu usiloweshe sakafu, bafu zao nyingi hazina tundu la maji pale chini. Ukitaka kuswali sebuleni au chumbani kwako waoneshe mswala, waambie ni dakika chache tu wasikusemeshe.

Fanya leo usiku huu wakati wa huo mkate wao, msikae mpaka wiki iishe. Anza na nguruwe, kisha njaa, kisha omba jiko la Ijumaa, ya shule yanangoja Ijumaa na mwalimu wako. Wasalimie wote, huyo mama mwambie mama yangu anakushukuru kwa kunitunza na anauliza saizi yako ili akutumie kitenge. Ukimaliza kuongea nao nitumie meseji walisemaje, hata kama huku ni usiku wa manane, simu naiweka na sauti.

Mama yako