Shukrani kwa mzee wa Alfama

Mzee wangu, jina lako sikulijua, lakini asante nakupa hadharani. Pale Lisbon, Ureno, tramu namba 28 ilikuwa imejaa pomoni, ukaniashiria tupande kwa miguu. Ngazi zile! Magoti yako mazima kuliko yangu.

Ulinizungusha Alfama, mtaa wa kale wenye vichochoro vyembamba vya kupindapinda kama vya Mji wa Kale Mombasa, vilivyonusurika kwa sehemu kubwa tetemeko la Novemba 1, 1755. Kisha tukashuka Baixa, mtaa wa bondeni, kule kulikobomoka, na mitaa ikanyooka ghafla, kwa kuwa Marquês de Pombal, waziri wa mfalme, aliusimamia ujenzi mpya kwa mpango maalumu. Ukanichorea, kwenye karatasi ya kufungia keki, fremu za mbao zilizofichwa ndani ya kuta ili nyumba ziyumbe bila kuanguka. Hilo peke yangu nisingeliona kamwe.

Uliposikia natoka Malindi ulicheka, ukanipeleka Belém, kanisa la Jerónimos, kwenye kaburi la Vasco da Gama, yule baharia Mreno. Nguzo yake tunayo kwetu ufukweni. Alitia nanga huko 1498. Nikakwambia sina la kumsifu, maana 1505 Wareno waliichoma Mombasa. Hukunibishia. Ulitikisa kichwa, ukanunua kahawa na pastel de nata, vile vikeki vya krimu ya mayai, ukakataa katakata pesa zangu.

Mungu akuzidishie afya, baba. Siku ukija Malindi, chai na mahamri ni juu yangu, na wewe marufuku kutoa hata senti.