Kabla hamjalipia dripu ya ketamini

Mhariri,

Jamaa za wagonjwa wa OCD hapa Nairobi wanaulizia sana dripu ya ketamini siku hizi, na baadhi yao wameambiwa kwamba inamaliza ugonjwa kwa siku moja. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tueleze dripu hiyo inafanya nini hasa, na ni maswali gani ya kuuliza kabla pesa hazijatoka mfukoni.

OCD ni ule wasiwasi unaomrudisha mtu mlangoni mara ishirini kuhakikisha kwamba kufuli limefungwa, au unaomweka bombani akisugua mikono kwa jiki mpaka ngozi inapasuka katikati ya vidole. Waislamu wanaufahamu kwa sura ya wasiwasi wa udhu: mtu anatawadha, anashuku kwamba kisigino hakikupata maji, anaanza upya, na sala inampita. Mara nyingi mgonjwa mwenyewe anajua kwamba kufuli limefungwa, ila hofu haitulii. Kumkemea ni kumwongezea mzigo.

Ketamini ni dawa ya nusukaputi. Ilitengenezwa Marekani mwaka wa 1962, ikaidhinishwa huko mwaka wa 1970, na hospitali zetu nyingi huitumia katika upasuaji hadi leo. Kwa nusukaputi, mgonjwa hudungwa miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito wake. Kiasi kilichojaribiwa kwa OCD ni miligramu 0.5 kwa kila kilo, kikiingia mshipani polepole kwa dakika 40. Mgonjwa hubaki macho, lakini anaweza kuhisi kama anaelea, au kama mwili si wake.

Utafiti unaotajwa sana ni wa daktari wa akili wa Marekani, Carolyn Rodriguez, na wenzake, uliochapishwa mwaka wa 2013. Wagonjwa walikuwa 15 tu, na hawakuwa wakimeza dawa nyingine za OCD wakati huo. Kati ya wale walioanza na ketamini, nusu walikuwa wamepata nafuu ya maana wiki moja baadaye. Walioanza na dripu ya maji ya chumvi tu, isiyo na dawa, ili kulinganisha, hakuna hata mmoja. Ni habari ya kutia moyo, na hatuidharau. Lakini mtu anayehisi anaelea hutambua upesi kwamba hakupewa maji ya chumvi, na matumaini yake peke yake yanaweza kumpunguzia alama za ugonjwa anapopimwa. Tena mwaka mmoja kabla, Michael Bloch na wenzake walikuwa wamewapa dripu hiyohiyo wagonjwa 10 ambao dawa za kawaida hazikuwasaidia. Huzuni yao ilipungua, OCD ikabaki karibu palepale. Huko Marekani, dawa ya kupuliza puani inayotokana na ketamini iliidhinishwa mwaka wa 2019 kwa ajili ya unyogovu sugu. Kwa OCD hakuna ketamini ya aina yoyote iliyoidhinishwa huko.

Kinachotuuma zaidi ni kwamba wengi wanaoambiwa "dawa zimekataa" hawajawahi kupewa dawa hizo ipasavyo. Unamkuta mtu alimeza fluoxetini, mojawapo ya dawa za unyogovu zinazotibu pia OCD, miligramu 20 kwa wiki nne, akaacha. Hicho ni kipimo cha kuanzia. OCD huhitaji kipimo kikubwa kuliko unyogovu: fluoxetini hupandishwa hadi miligramu 60, pengine 80, na setralini hadi 200, kisha mgonjwa akae kwenye kipimo hicho mpaka atimize wiki 8 hadi 12. Ikishindwa, hujaribiwa nyingine ya kundi hilo, halafu klomipramini baada ya moyo kupimwa kwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo), au risperidoni kidogo juu ya dawa anayotumia.

Kisha kuna mazoezi ya kukabili hofu, ambayo wengi hawajawahi hata kuyasikia. Mgonjwa na mtaalamu huorodhesha hofu zake kuanzia ndogo hadi kubwa, kila moja ikipewa alama kati ya 0 na 100. Tuseme kushika bomba la kiti ndani ya matatu ni 40. Analishika kwa kiganja chote, kisha hanawi. Hofu hupanda, hukaa juu kwa muda, halafu huanza kushuka yenyewe, labda baada ya nusu saa au saa nzima. Kesho anarudia. Mazoezi huharibika kwa mambo madogo: sanitaiza iliyofichwa mkobani, kuhesabu kimoyomoyo, au mama anayesema kwa huruma, "Mwanangu, gesi nimeshaizima, nimeangalia mwenyewe." Kila jibu la namna hiyo huulisha wasiwasi, na kesho mtoto atauliza mara mbili. Kwa kawaida vikao ni 12 hadi 20, na familia nayo hufundishwa namna ya kutojibu.

Hapa ndipo ketamini inaweza kuwa na nafasi yake. Nafuu ikija, huja upesi, na kwa wengi huanza kufifia baada ya siku chache au wiki moja. Siku hizo ndizo za kufanya mazoezi, kama vile mkulima anavyolima udongo ungali na unyevu. Rodriguez na wenzake waliwahi kufuatisha dripu moja na saa 10 za mazoezi ndani ya wiki mbili. Basi swali la kwanza kwa kliniki yoyote liwe hili: mazoezi yanaanza lini, na nani anayaongoza? Kliniki inayouza dripu sita kwa mkupuo bila mtaalamu wa mazoezi imechukua ratiba ya wagonjwa wa unyogovu na kuibandika kwenye ugonjwa mwingine.

Chumba chenyewe kina mambo yake. Mgonjwa apimwe uzito kwenye mizani siku hiyohiyo, asiulizwe tu. Mwenye kilo 60 anahitaji miligramu 30. Chupa nyingi zina miligramu 50 katika kila mililita, kwa hiyo kinachovutwa ni mililita 0.6 tu, halafu kinachanganywa na maji ya chumvi. Lakini kuna chupa za miligramu 10 na za 100 kwa mililita. Mililita 0.6 kutoka kwenye ile ya 100 ni miligramu 60, na hapo mgonjwa ameshaingia kwenye kipimo cha nusukaputi. Ndiyo maana muuguzi wa pili lazima asome lebo kwa sauti. Dawa ipitie kwenye pampu, kwa sababu matone yanayohesabiwa kwa macho hubadilika mgonjwa akikunja tu kiwiko.

Presha hupanda wakati dawa inaingia, kwa hiyo ipimwe kabla na kila baada ya dakika 10 au 15. Ikiwa imezidi 140/90 hata kabla ya kuanza, dripu iahirishwe. Oksijeni, mfuko wa kupumulishia na mashine ya kufyonza matapishi viwe karibu na kitanda, pamoja na mtu aliyesomea nusukaputi ambaye hatoki chumbani. Chakula kikomeshwe saa 6 kabla. Mjamzito, mwenye historia ya kuona au kusikia visivyokuwapo, na mwenye uraibu wasipewe. Wanaorudia dripu mara kwa mara waulizwe kuhusu mkojo: kwenda haja kila saa, maumivu, damu. Ketamini ikizoeleka huchubua kibofu, na asiyeulizwa huona haya kusema.

Baada ya dripu mgonjwa asindikizwe nyumbani kwa gari. Asiendeshe, wala asipande bodaboda, mpaka alale usiku mzima.

Tunaiomba Bodi ya Famasia na Sumu pamoja na Baraza la Madaktari zidai jambo moja kutoka kwa kila kliniki inayotoa huduma hii: karatasi ya mgonjwa ionyeshe uzito wake, miligramu alizopewa, presha yake, na alama zake kwenye Y-BOCS, dodoso la kupima ukali wa OCD lenye alama 0 hadi 40, kabla ya dripu na wiki moja baadaye. Aliyekuwa na 30 akabaki na 28 hakupata nafuu, na asiuzwe dripu ya pili kwa sababu tu amekuja na pesa. Nakala ya karatasi hiyo apewe mgonjwa, aende nayo kwa daktari mwingine akitaka.

Wahudumu wa afya ya akili,
Nairobi